Mwendo wa polepole huanzia kwenye kamera

Mpiga video mwenzangu wa Masasi aliniletea Mtwara mjini kazi ya harusi. Ndani yake kulikuwa na sindimba safi, viuno na vumbi, na alitaka sehemu hiyo iende polepole. Alipoipunguza kasi, kwenye kioo cha kompyuta wachezaji walikuwa wanaruka-ruka. Aliniambia kompyuta yake imechoka. Nikafungua taarifa za faili: fremu, yaani picha, 25 kwa sekunde.

Wengi wanaamini kwamba video yoyote ukiipunguza kasi itabaki laini. Si kweli. Video ni picha za mnato zinazopishana upesi. Ulizozirekodi ndizo ulizonazo. Ukirekodi 25 kwa sekunde kisha ukashusha kasi hadi asilimia 50, una picha kumi na mbili na nusu za kujaza nafasi 25, hivyo programu inarudia kila picha mara mbili na jicho linaona mkwamo. Ukirekodi 50, nusu ya kasi inatoka laini. Ukirekodi 100, unaweza kushuka hadi robo bila picha kurudiwa.

Hesabu ya fremu 120 kwa sekunde ndiyo inayowaponza watu. Kwenye taimulaini (mstari wa kupangia klipu) ya fremu 25, kasi sahihi ni karibu asilimia 20.8. Mtu akiandika asilimia 25 kwa mazoea, kila sekunde inapata fremu 30 za kugombania nafasi 25, tano zinatupwa, na mwendo unashtuka. Usihangaike na asilimia: kwenye DaVinci Resolve ingia Clip Attributes, kwenye Premiere Pro ingia Interpret Footage, uiambie programu isome klipu hiyo kama ya fremu 25. Kila picha itapata zamu yake.

Wengine hulalamika: "Nimerekodi 120, mbona inakwenda kawaida?" Kamera haina kosa. Zipo zinazohifadhi faili likiwa tayari la polepole, na zipo zinazohifadhi fremu zote 120 kwa mwendo halisi, kazi ya kuzitandaza ikabaki kwako.

Dhana ninayoipinga kwa nguvu zaidi ni kwamba Optical Flow hutibu kila kitu. Chaguo hilo hubuni picha za katikati kwa kukisia kila kitu kimesogea wapi. Mtu mmoja akipita mbele ya ukuta mtupu, linakisia vizuri. Kwenye sindimba miguu inapishana, mikono ya wapiga ngoma inapotea na kurudi, vumbi linatimka. Hapo kingo za miili zinayeyuka kama nta. Tulijaribu. Mkono wa mpiga ngoma ulipotoka na vidole vilivyoungana, nikafuta.

Je, basi turekodi 120 kila mahali? Hapana, na sababu ni mwanga na umeme. Kwa fremu 25 shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, huwa 1/50 ya sekunde; kwa 120 wengi huweka 1/240, yaani mwanga unapungua karibu mara tano. Ufukweni Shangani saa nane mchana hutaona tatizo, lakini ukumbini usiku picha inajaa chenga. Tena umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za ukumbini hupepesa mara 100 kwa sekunde. Fremu za 120 haziendi sambamba na mapigo hayo, ndiyo maana picha inawaka na kufifia. Kama kamera yako ina menyu ya PAL (mfumo wa video unaoendana na umeme wa hezi 50), iweke hapo upate 25, 50 na 100. Ukumbini chukua 100 na shata ya 1/100, au 50 na shata hiyohiyo.

Kwa wanaorekodi kwa simu: sauti ikianza kuachana na midomo kadiri video inavyosonga, mara nyingi ni kwa sababu simu inabadilisha idadi ya fremu njiani. Pitisha faili kwenye programu ya HandBrake, chagua idadi isiyobadilika, ndipo uanze kuhariri.

Ile sindimba tuliirudisha kwenye kasi yake ya kawaida. Polepole tukaiweka kwa bibi harusi anayepita mbele ya ukuta mweupe, nusu ya kasi, na Optical Flow ikafanya kazi yake bila kuharibu hata ukingo wa shela.