Kugawana Jukumu la Wakimbizi na Mkono wa Siasa

Kugawana jukumu la wakimbizi ni utaratibu ambao nchi kadhaa hujifunga kuufuata ili anayekimbia kwao apokewe na asikilizwe, bila ya mzigo wote kuiangukia nchi aliyoifikia mwanzo. Makubaliano hayo hutiwa saini na dola lakini hutekelezwa na serikali iliyoko madarakani, na kwa hivyo sheria inaweza kubaki vile vile, neno kwa neno, na muomba hifadhi akakuta mlango umefungwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Ulaya, mwezi wa Juni 2018. Kwa Kanuni ya Dublin, sheria ya Umoja wa Ulaya iliyotumika wakati huo, nchi ya kwanza ambayo mtu ameingia bila ya kibali ndiyo, mara nyingi, iliyobeba ombi lake la hifadhi, jambo lililozielemea Italia na Ugiriki kwa miaka mingi. Tarehe 1 serikali mpya iliapishwa Rome, na kesho yake Pedro Sánchez akaapishwa Madrid kuwa waziri mkuu wa Hispania. Siku chache baadaye Italia iliizuia meli ya uokozi Aquarius iliyokuwa na watu 629, Malta nayo ikakataa, na Hispania ikawapokea Valencia tarehe 17. Kanuni yenyewe haikuwa imeguswa hata mstari mmoja.

Afrika tuna Mkataba wa wakimbizi wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa mwaka 1969, unaoitaka nchi iliyoelemewa isaidiwe na wenzake, ila haukusema nani achukue wangapi. Tanzania, iliyowapa uraia zaidi ya Warundi 160,000 waliokimbia mwaka 1972 pamoja na vizazi vyao, iliacha mwaka 2017 kuwatambua kwa pamoja kuwa wakimbizi, bila ya kumpima mmoja mmoja, Warundi wapya waliokuwa wakiingia.

Mabadiliko ya kisiasa huko mkimbizi alikotoka nayo yana uzito, na Pemba tunalijua hilo. Baada ya maandamano ya Januari 2001 kuzimwa kwa risasi, watu zaidi ya 2,000 walivuka kwa vyombo hadi Shimoni, Kenya, na wengi wao wakapelekwa kambi ya Dadaab. Oktoba mwaka huo chama tawala, CCM, na chama cha upinzani, CUF, vilitia saini Muafaka, makubaliano ya kumaliza mgogoro huo. Wengi walirejea, lakini wapo waliobaki na khofu yao, na baadhi wakaishia Somalia. Naona walikuwa na haki ya kusita, kwani Ibara ya 5 ya Mkataba huo wa OAU inataka kurejea kuwe kwa hiari ya mkimbizi mwenyewe, na saini za viongozi wa vyama haziwezi kuwa idhini yake.