Hofu ya mabadiliko ya tabianchi si ugonjwa, ila isiachwe ikutawale

Mtu akikuambia kwamba hali ya dunia inamnyima usingizi, usimjibu "acha kujisumbua". Hata ukilisema kwa nia njema, jibu hilo humfanya aone aibu kwa hofu yenye msingi. Joto la dunia limepanda kweli, na 2024 ulikuwa mwaka wa kwanza ambao wastani wake ulizidi ule wa kabla ya zama za viwanda kwa zaidi ya nyuzi 1.5 za Selsiasi. Anayeogopa ameielewa hali ilivyo, ndiyo maana sisi wa afya ya akili hatuihesabu hofu hii kuwa ugonjwa.

Wala hayuko peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la The Lancet Planetary Health uliwahoji vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25 katika nchi 10. Asilimia 59 walikuwa na wasiwasi mkubwa au mkubwa mno, na zaidi ya asilimia 45 walisema hisia hizo zinaathiri maisha yao ya kila siku. Wasiwasi huo uliendana na kuona kwamba serikali hazichukui hatua za kutosha. Kwangu hilo ndilo lenye uzito zaidi: ndani ya wasiwasi huu mna hasira na huzuni ya mtu anayehisi ametelekezwa, na hasira ya namna hiyo haiishi kwa mazoezi ya kupumua pekee.

Shida huanza pale hofu inapodumu wiki kadhaa, usingizi ukapotea, kazi au masomo yakalegalega, mtu akajitenga na wenzake au akajilaumu kwa kila mfuko wa plastiki alioshika. Wengine huonekana watulivu kabisa, kumbe wamekufa ganzi. Habari za mafuriko wanazipita kama hawakuziona. Hiyo nayo ni hofu.

Mwili ukihisi hatari humwaga homoni za adrenalini na kotisoli ili tukimbie au tupambane. Ukame na kuyeyuka kwa barafu havikimbiliki, basi mwili hubaki umekaza. Ndipo mtu hujikuta saa nane za usiku ameshika simu, anafungua habari moja baada ya nyingine akitafuta uhakika ambao hakuna habari itakayompa. Simu ilale chumba kingine, na habari hizo zisomwe mchana, kwa muda uliopangwa. Moyo ukienda mbio, vuta pumzi ukihesabu hadi 4, itoe taratibu ukihesabu hadi 6, kwa dakika chache. Kuitoa polepole hupunguza mapigo ya moyo.

Kisha chagua jambo moja lililo ndani ya uwezo wako, ulifanye pamoja na wengine: kulinda chanzo cha maji, kuwabana viongozi kuhusu mipango ya kukabili mafuriko. Sitakudanganya kwamba miti yako michache itapoza dunia. Lakini kufanya kazi bega kwa bega na watu wenye hofu kama yako hupunguza ule unyonge unaoumiza kuliko hofu yenyewe. Na anayesema tumekwisha kuchelewa anakosea, kwa sababu kila sehemu ya nyuzi inayozuiliwa inapunguza madhara. Juhudi za pamoja zimewahi kufaulu: Mkataba wa Montreal wa 1987 ulizuia kemikali zilizokuwa zikiharibu tabaka la ozoni, linalotukinga na miale hatari ya jua, na leo tabaka hilo linapona.

Mtoto akikuuliza kama dunia itaungua, muulize kwanza amesikia nini. Mjibu ukweli unaolingana na umri wake, mweleze watu wazima wanafanya nini, wala usimtwike jukumu la kuiokoa dunia.

Aliyepoteza nyumba au ndugu katika maafa ana mzigo mwingine. Huenda ni kiwewe, na anahitaji mtaalamu. Hali kadhalika yeyote ambaye dalili hazimwachii. Mwenye mawazo ya kujiua asaidiwe siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake hadi afike kwa mhudumu wa afya.