Ukimtaka mkesha wa Budongo, tafuta siafu

Wageni wengi ninaowatembeza katika msitu wa Budongo, huku kwetu Masindi, Uganda, hufika shingo zimeelekea juu. Kwa ndege aitwaye mkesha mkia-mweupe nawaomba watazame chini. Wanasayansi humwita Neocossyphus poensis. Mgongo wake ni wa kahawia iliyokolea, tumbo lina rangi ya kutu, na manyoya ya pembeni mwa mkia yana ncha nyeupe. Ncha hizo ndizo alama yangu, maana ana ndugu wa mkia mwekundu ambaye naye hufuata siafu.

Watu hudhani chakula chake ni siafu wenyewe. Hasa anachotaka ni wale wanaowakimbia. Siafu vibarua ni vipofu kabisa, lakini wakitoka kuwinda hutandaa sakafuni kama zulia, na kila kilichojificha chini ya majani hukurupuka: nyenje, mende, buibui. Mkesha husubiri kwenye mtambaazi wa chini, kimo cha goti hivi. Anashuka, anadaka, anarudi pale pale, mkia ukitikisika.

Kwa hiyo makazi yake nayapima kwa sakafu kabla ya miti. Pawe na kivuli kizito, majani yanayooza, magogo yaliyolala, unyevu usiokauka hata jua likiwaka. Budongo ilikatwa mikangazi kwa miaka mingi karne iliyopita, ila kivuli kilirudi na ndege huyu yupo. Shamba la miwa ni jambo jingine. Mwaka 2007, watu walipoandamana Kampala kupinga sehemu ya msitu wa Mabira, zaidi ya hekta 7,000, kupewa kilimo cha miwa, mazungumzo mengi yalikuwa ya miti na mvua. Mimi niliwaza sakafu ile. Miti unaweza kuipanda upya. Sakafu ya namna hiyo hujijenga jani kwa jani, na hakuna kitalu kinachoiuza.

Asubuhi moja nilikuwa na kijana kutoka Bweyale ninayemfundisha kazi. Tulichomeka suruali ndani ya soksi, tukasimama kando ya msafara wa siafu karibu robo saa.

"Mzee, siafu hawa hapa, ndege hayupo."

"Ngoja kidogo, mwanangu. Usisogeze mguu."

Mluzi mmoja mrefu ukatoka gizani nyuma yetu, ukipanda taratibu. Kijana akageuka kichwa tu, mguu akauacha ulipo.