Ukaidi wenye macho: kutoka vitabu vilivyopigwa marufuku hadi menyu ya kwenye simu

Kazi yangu ni kufuatilia historia ya vitabu vilivyopigwa marufuku. Watu hudhani waliopigania vitabu hivyo walikuwa watu wa kelele. Wale ninaowaheshimu zaidi walikuwa watu wa mbinu: walitafuta mahali ambapo kanuni imejificha, wakaibana hapohapo mpaka ijieleze.

Chukua Ulysses ya James Joyce. Mwaka 1921 wahariri wawili wa jarida la Marekani, Margaret Anderson na Jane Heap, walitiwa hatiani mjini New York kwa kuchapisha sehemu yake. Mwaka uliofuata Sylvia Beach, mwenye duka la vitabu Paris, akakitoa kitabu kizima. Marekani kikawa kinaingia kwa magendo. Random House ilipotaka kukichapisha kihalali, haikupiga chapa maelfu ya nakala na kusubiri zikamatwe. Iliagiza nakala moja tu kutoka Ulaya, ndani yake yakabandikwa maoni ya wahakiki ili yafike mahakamani pamoja nayo, kisha ikahakikisha inazuiliwa forodhani. Ofisa wa forodha alikuwa tayari kuipitisha. Ilibidi ashinikizwe ndipo aikamate! Desemba 1933 Jaji John Woolsey akaamua kwamba kitabu si cha uchafu, na njia ikafunguka.

London, mwaka 1960, kanuni ilijianika yenyewe. Penguin ilishtakiwa kwa kuchapisha Lady Chatterley's Lover ya D. H. Lawrence, na mwendesha mashtaka, Mervyn Griffith-Jones, akawauliza wazee wa baraza kama hicho ni kitabu ambacho wangependa wake zao au watumishi wao wakisome. Kati ya wazee hao 12, watatu walikuwa wanawake. Kwangu swali lile ndilo kesi nzima: kilichogombewa ni nani mwenye haki ya kuchagua. Penguin ilishinda.

Swali hilohilo nakwenda nalo mezani. Msimbo wa QR ulibuniwa mwaka 1994 na Masahiro Hara na wenzake wa kampuni ya Denso Wave, Japani, ili kufuatilia vipuri vya magari, na kazi hiyo unaifanya vizuri sana. Korona ilipoingia mwaka 2020, watu wakaogopa kushika kitu kilichoshikwa na wengine, msimbo ukahamia migahawani. Hofu imepita. Msimbo umebaki, menyu ya karatasi imeondolewa, na mlaji hakuulizwa.

Tazama kinachotokea. Unaskani, ukurasa unazunguka. Linatokea ombi la kukubali vidakuzi, kisha kisanduku kinachotaka namba yako ya simu. Mwishowe inafunguka picha ya menyu iliyopangwa kwa karatasi kubwa. Unaivuta kwa vidole usome bei, jina la chakula linatoka nje ya kioo. Unarudi kutafuta jina, bei imepotea. Betri ikiisha, huna menyu kabisa.

Hasara silinganishi hata kidogo, maana kwa ajili ya vitabu watu walifungwa. Nalinganisha tabia: mwingine amekuchagulia, halafu unaambiwa siku hizi ndivyo ilivyo.

Tena si kila menyu ya simu ni mbaya. Kwa asiyeona, menyu iliyoandikwa kama maandishi halisi inaishinda karatasi, kwa sababu simu inaweza kumsomea. Ikiwekwa kama picha, mara nyingi simu inabaki bubu, naye amenyimwa pande zote mbili. Kwa hiyo sidai msimbo ung'olewe. Naomba menyu ya karatasi, kwa sauti ambayo meza ya jirani inaisikia, kwa kuwa mara nyingi na wao walikuwa wanaitaka. Nikijibiwa haipo, namwomba mhudumu anitajie vyakula kimoja baada ya kingine, pamoja na bei zake, wala sioni haya kumchukulia muda. Simkaripii, maana si yeye aliyeamua. Namwomba amfikishie mwenye mgahawa kwamba nakala chache za karatasi kaunta zinatosha.