Pigo si sekunde: kusoma nyakati za klipu kwenye faili la Ableton

Vijana wanaorekodi matwari ya Maulidi hapa Lamu hutuletea kazi ya namna moja. Rekodi ya saa nzima imetiwa Ableton Live, programu ya kurekodi na kukata sauti, ikakatwa vipande (klipu), kila kipande kikapewa jina la kasida yake. Wanachotaka ni orodha: kasida fulani inaanza dakika ya ngapi kwenye rekodi ya asili, ili mzee asiye na programu hiyo aweze kuisikiliza.

Kulifungua faili ni kazi nyepesi. Faili la .als, ambamo Ableton huhifadhi mradi, ni XML (maandishi yenye lebo) iliyobanwa kwa gzip, na lugha ya programu ya Python huja na maktaba za kulifumua na kulisoma, gzip na ElementTree. Tengeneza nakala kwanza, kisha tafuta kila AudioClip, lebo ya klipu moja ya sauti.

Taabu iko kwenye nambari. CurrentStart, yaani mahali klipu inapoanzia kwenye mradi, ikisema 64, wengi huandika sekunde 64. Sivyo, hayo ni mapigo. Zidisha kwa 60, gawanya kwa kasi ya mradi (mapigo kwa dakika): kwa kasi ya 120 utapata sekunde 32, kwa 96 utapata 40. Tena hapo umejua klipu imewekwa wapi kwenye mradi tu, na kasi iwe haikubadilika njiani. Mahali pake ndani ya rekodi pamo kwenye LoopStart, hata kama klipu hairudiwi.

Sasa, matwari hayafuati saa ya kompyuta. Huanza polepole, watu wakikolea mwendo hupanda. Klipu ikiwa na IsWarped ya kweli (true), yaani Ableton imeinyoosha sauti ifuate mapigo, LoopStart nayo ni mapigo, na ufunguo wake ni WarpMarker: kila alama hufunga pigo (BeatTime) na sekunde ya rekodi (SecTime). Tuseme pigo la 16 limefungwa na sekunde ya 11, la 32 na sekunde ya 20. Pigo la 24 limekaa katikati yao, basi ni sekunde 15.5. Aliyegawanya kwa 120 atapata 12, na mzee atasikia mwisho wa kasida nyingine. IsWarped ikiwa si kweli, LoopStart ni sekunde tayari, usiigeuze tena. Kosa hili nimelifanya mwenyewe, orodha nzima ikaharibika.

Siku hizi kabla ya kumkabidhi mtu orodha huchagua klipu tatu, moja ya mwanzo, moja ya kati, moja ya mwisho, nikazisikiliza kwenye rekodi ya asili. Ya mwisho ndiyo hufichua kosa, maana huko ndiko mwendo umeshapanda.