Baduizm ya Erykah Badu: yanayosemwa na yanayosikika

Dhana iliyoenea kuliko zote kuhusu Baduizm, albamu ya kwanza ya Erykah Badu iliyotoka Februari 1997, ni kwamba mwimbaji huyo wa Dallas, Texas, alimwiga Billie Holiday, mwimbaji wa jazi wa Marekani, na kutoa albamu ya jazi. Ni kweli kwamba sauti yake nyembamba, na namna anavyoliacha neno lichelewe nyuma ya mdundo, humkumbusha msikilizaji gwiji huyo. Lakini Badu alipitia rap kabla ya kujulikana, akitumbuiza na binamu yake mjini Dallas, na anayesikiliza dramu na besi kwa makini atatambua kuwa albamu hii imesimama juu ya hip hop. Inafunguliwa na kufungwa kwa "Rimshot", wimbo unaousifu mlio wa kijiti kinapogonga ukingo wa dramu.

Jazi imo, tena kwa wingi, ila imepita mlango wa hip hop. Bob Power, mmoja wa watayarishaji wa Baduizm, alikuwa fundi mitambo wa kundi la rap la A Tribe Called Quest walipoirekodi The Low End Theory ya mwaka 1991, albamu ya rap ambamo alialikwa Ron Carter, aliyempigia besi Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, katika miaka ya 1960. Carter huyohuyo ndiye anayepiga besi katika "Drama" ya Badu, na kwangu mimi ushahidi huo una uzito kuliko ulinganisho wowote wa sauti.

Wapo pia wanaoamini kwamba midundo inayojirudia hivi lazima iwe imetoka kwenye mashine tupu. Katika "Otherside of the Game", simulizi ya mwanamke anayempenda mtu mwenye kipato cha hatari, wapigaji ni The Roots wa Philadelphia, kundi la hip hop linalosifika kwa kupiga ala zake lenyewe, na dramu ya Questlove, mmoja wao, imetulia kiasi cha kudhaniwa ni sampuli, yaani kipande kilichokatwa kutoka rekodi nyingine.

Kuhusu neo-soul, jina ambalo muziki wa aina hii hupewa, halikutungwa na waimbaji. Lilienezwa na Kedar Massenburg, mwenye lebo iliyoitoa Baduizm, ili kuuza muziki huu. Wala albamu hii haikuwa ya kwanza ya aina yake, kwani D'Angelo alikwisha kutoa Brown Sugar mwaka 1995, na Maxwell akafuata mwaka 1996.

Mwisho, maneno ya wimbo "On & On" huchukuliwa na wengi kuwa mafumbo yasiyo na maana. Kwa hakika yanabeba mafundisho ya Five Percent Nation, jumuiya iliyozaliwa Harlem katika miaka ya 1960, yenye hesabu na istilahi zake. Mafundisho hayo yalikuwa yamewafikia vijana wa Marekani kupitia marapa wa New York, akiwemo Rakim, miaka mingi kabla Badu hajayaimba.