Nakisi ikipungua, deni halijapungua

Serikali ikipandisha kodi na kubana matumizi ya huduma za jamii, wengi hushangaa: mbona deni la taifa bado linapanda? Wanachanganya nakisi na deni. Nakisi ni pengo la mwaka mmoja kati ya mapato na matumizi. Deni ni limbikizo la mikopo iliyoziba mapengo ya miaka yote. Nakisi ikishuka kutoka bilioni 100 hadi 60, hizo 60 bado zitakopwa (wanasiasa hawana haraka ya kulieleza hili). Marekani mwaka 1997 ilibakiwa na nakisi ya takriban dola bilioni 22 tu, ikakopa. Ziada ilipopatikana 1998, ndipo deni lililo mikononi mwa wakopeshaji nje ya serikali likaanza kushuka. Nyongeza ya kodi ya 1993 ilichangia, na uchumi uliokuwa ukikua kwa kasi ulisaidia mno.